Bei Ndogo Si Haki



Tunaambiwa kwamba Serikali inapojenga shule au barabara, mtumishi mwaminifu ni yule anayempa kazi mjenzi wa bei ndogo kuliko wote. Fikira hiyo yatudanganya. Mara nyingi tofauti ya bei hulipwa na watu wasioonekana katika hesabu: mfyatua matofali anayecheleweshewa mshahara, kijana anayebeba mchanga bila mkataba, mama ambaye shamba lake limechimbwa changarawe bila fidia.

Mwaka 2017 Benki ya Dunia ilisimamisha malipo ya kazi za ujenzi katika mradi wa barabara nchini mwetu, kufuatia malalamiko ya dhuluma dhidi ya wanawake kwenye barabara ya Bukavu–Goma. Hata barabara ya lazima hugeuka jeraha pale ambapo hakuna anayesimamia masharti ya kuwalinda watu.

Mwaka huo huo, sheria ya tarehe 8 Februari iliwekea kampuni zenye mtaji wa Wakongomani kazi wanazogawiwa wakandarasi wasaidizi. Ni hatua njema, lakini haitoshi. Je, mwenye kampuni akiwa ndugu yetu, hawezi kumnyima fundi haki yake? Mtume Yakobo alipowakemea matajiri waliozuia mishahara ya wavunaji, hakuuliza taifa lao.

Wengine husema: “Vijana wa hapa hawana ufundi.” Wataupata wapi, ikiwa kila ujenzi huwapa koleo tu? Programu ya maendeleo ya teritware 145 imekusudia kujenga shule na vituo vya afya hadi vijijini. Kila jengo lingeweza kuacha waashi na maseremala waliojifunza hapo hapo. Hayo hayaji kwa huruma ya mkandarasi. Yaandikwe katika daftari la masharti kabla ya sahihi: idadi ya wanagenzi, mshahara na siku ya kuulipa, usalama kazini, nafasi ya wanawake. Asiyetimiza, asipewe malipo ya mwisho.

Watasema gharama itapanda. Lakini kijiji kisicho na fundi hulipa tena kila paa linapovuja.

Katika Laborem Exercens, mwaka 1981, Yohane Paulo II alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu. Basi ujenzi wa Serikali ukianza karibu na parokia yenu, nendeni pamoja, mkaombe kusoma masharti yake. Kisha hesabuni wanagenzi.