Pampu ya Mzee Haifi Kazini

Mpenzi msomaji, huenda nawe ulijinyima hapa mjini ukamnunulia mzazi pampu ya petroli ya kunyunyizia shamba maji. Msimu haujaisha, simu inalia: "Mwanangu, ile mashine imekataa kuwaka." Nyanya zinanyauka, nawe unamlaani aliyekuuzia.

Ukizuru Burat, karibu na mji wa Isiolo, utaona wakulima wakitegemea maji ya Mto Isiolo, unaoteremka kutoka Mlima Kenya. Hapo pampu ikigoma, mboga hazingoji. Lakini aghalabu mashine hizi haziuawi na kazi. Huuawa na jinsi zinavyowekwa baada ya kazi.

Kwanza, ikiwa pampu haitatumika kwa majuma kadhaa, funga njia ya petroli na uache injini inywe iliyobaki mpaka izimike yenyewe, mpira ukiwa bado majini. Petroli inayolala ndani ya kabureta hugeuka kama gundi na kuziba vitundu vyake. Usiiache ingurume bila maji hata kidogo. Raba ya ndani inayozuia maji kuvuja itaungua.

Pili, ingoje ipoe. Fungua kizibo cha chini, maji yote yatoke, kisha isuuze kwa maji safi. Mto ukifurika huja na tope na mchanga. Mchanga husaga feni ya ndani, na tope likikauka huishika isizunguke. Safisha pia chujio lililo kwenye ncha ya mpira.

Wenzetu wa Pwani wenye pikipiki za majini hufanya vivyo hivyo: wakitoka baharini huzisuuza kwa maji yasiyo na chumvi. Kwao adui ni chumvi, kwetu ni tope.

Tatu, iweke mahali tambarare uangalie oili, na upanguse vumbi kwenye chujio la hewa. Mwisho, ihifadhi palipo pakavu, mbali na jiko na chumba cha kulala. Mvuke wa petroli hushika moto upesi.

Yote haya hayazidi nusu saa. Hivyo basi, likizo ijayo usimpelekee mzee sukari na majani ya chai tu. Keti naye kando ya pampu, umwonyeshe, nawe mwanafunzi ujifunze papo hapo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hadi Jumapili ijayo, tukijaliwa.