Tusiyapime matangazo ya magazeti ya Kihawaii kwa kipimo cha sensa

Kuna wanaoyaweka kando matangazo ya kuzaliwa, ndoa na vifo ya magazeti ya zamani ya Hawaii kwa kuwa hayajakamilika. Ni kweli: familia ya bonde la mbali iliweza kuzika mtu wake bila mstari hata mmoja kuchapwa, na anayetaka kuhesabu waliouawa na ndui huko Hawaii mwaka 1853 hatafika popote kwa kuyajumlisha. Lakini magazeti ya Kihawaii, yaliyoanzia shule ya Lahainaluna mwaka 1834 na kudumu hadi 1948, yanajibu swali jingine: nani alikuwa wa nani, na wa wapi. Kabla ya sheria ya majina ya 1860, iliyotaka watoto wa ndoa wachukue jina la baba, ndugu wa tumbo moja waliweza kuishi bila jina lolote la pamoja. Kwa mtafiti wa nasaba, tangazo fupi linalotaja wazazi na kijiji ni mali kubwa, tena mara nyingine liliandamana na kanikau, ombolezo la kishairi linalotaja upepo, mvua na mahali alipopita marehemu na mwenziwe. Rejista ya serikali ingeyapata wapi hayo?

Wapo watakaosema maombolezo hutia chumvi. Hutia, hasa kwenye sifa. Kwenye majina ya mahali na ya jamaa ilikuwa vigumu zaidi, maana wasomaji wa magazeti hayo walikuwa wepesi kuandika barua za kusahihishana, wala hawakuoneana haya.