Hukumu ya Sigara na Ushahidi wa Daktari wa Kifua

 

Muumini akiuliza hukumu ya sigara katika misikiti yetu ya Moshi, iwe ya mjini au ile midogo iliyo kati ya migomba na kahawa huko Kibosho, aghalabu hupewa jibu fupi: ni makuruhu, wanazuoni wamehitilafiana. Jibu hilo humtosha. Hutoka nje ya uzio, huwasha yake, na huenda zake kwa amani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hitilafu hiyo ilikuwa na msingi wake katika zama zake, na kwamba msingi huo umekwisha kuondolewa na watu ambao hawakuwa masheikh, wala hawakukusudia kusema lolote juu ya fiqhi. Watu hao ni madaktari wa upasuaji wa kifua na wenzao waliochunguza saratani ya mapafu.

Tumbaku ilitoka Amerika, ikaingia katika nchi za Waislamu karibu mwaka 1600. Hapakuwa na aya wala hadithi iliyoitaja kwa jina, hivyo wanazuoni walilazimika kuipima kwa kanuni. Sheikh Ibrahim al-Laqqani wa Misri, aliyefariki mwaka 1631, aliandika kuiharamisha. Sheikh Abdul-Ghani an-Nabulusi wa Damascus, aliyefariki mwaka 1731, aliandika risala nzima ya kuitetea kuwa ni halali. Wote wawili walikuwa bahari za elimu. Walichogombania hasa kilikuwa swali la tukio: je, kitu hiki kinadhuru au hakidhuru? Aliyeihalalisha hakusema kwamba ni halali kwa mtu kujidhuru. Alisema madhara hayajathibiti, na asili ya vitu ni uhalali mpaka pathibiti kinyume chake. Kwa elimu ya mwili iliyokuwapo siku hizo, hakuna awezaye kumlaumu.

Basi uthibitisho ulikuja lini, na kwa mkono wa nani?

Evarts Graham alizaliwa Chicago, Marekani, mwaka 1883, akawa profesa wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis. Tarehe 5 Aprili 1933 alimpasua daktari mwenzake, James Gilmore, aliyekuwa na saratani katika pafu la kushoto, akaliondoa pafu lote kwa mara moja. Kabla ya siku hiyo hakuna mgonjwa wa saratani aliyetolewa pafu zima namna hiyo akabaki hai. Gilmore mwenyewe, aliporuhusiwa kwenda kwao kutengeneza mambo yake kabla ya upasuaji, alinunua kiwanja cha kaburi. Hakukihitaji mpaka mwaka 1963.

Graham alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Mwanafunzi kijana, Ernst Wynder, alipomwendea na rai ya kuchunguza kama sigara ndiyo inayoleta saratani ya mapafu, profesa hakuiamini; alisema kwa mzaha kwamba mauzo ya soksi za nailoni za wanawake nayo yameongezeka katika miaka hiyo hiyo. Hata hivyo hakumfukuza kijana, bali alimfungulia mlango wa wodi zake akahoji wagonjwa. Matokeo yalichapishwa Mei 1950: wagonjwa 684 wa saratani ya mapafu walikuwa wamehojiwa. Miongoni mwa wanaume 605 waliokuwa na aina za saratani zilizo nyingi zaidi, 96.5 katika kila mia walikuwa wavutaji wa kiasi kikubwa kwa miaka mingi. Mwaka 1953 wakatoa uchunguzi mwingine: waliwapaka panya lami ya moshi wa sigara mgongoni, na panya wengi wakaota saratani. Graham akaacha sigara. Lakini alikuwa amekwisha kuvuta kwa miongo mingi, na Machi 1957 alifariki kwa saratani ya mapafu, ugonjwa ule ule alioutumikia maisha yake yote. Mgonjwa wake Gilmore alikuwa bado yu hai.

Mwaka huo huo wa 1950, nchini Uingereza, Richard Doll na Bradford Hill walifikia natija ile ile. Doll alianza akidhani huenda ni lami ya barabara au moshi wa magari. Ushahidi ulipomjia, naye akaacha kuvuta. Kisha wakaanza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, uchunguzi ukaendelea kwa nusu karne, na mwaka 2004 hesabu yake ikatolewa: mvutaji wa maisha hupoteza takriban miaka 10 ya umri wake. Aachaye akiwa na miaka 30 huokoa karibu yote. Aachaye akiwa na 50 huokoa kama 6. Hata aachaye akiwa na 60 huokoa 3. (Ajali ya kila mtu iko kwa Mola wake, hilo halina shaka. Lakini hoja hiyo haitumii yeyote anapovuka barabara kuu ya Moshi na Arusha.)

Sasa turudi kwenye fiqhi. Aliyeihalalisha tumbaku alifunga hukumu yake kwenye kutothibiti madhara. Madhara yamethibiti. Kuendelea kuitaja hitilafu ya zama zile kana kwamba haijaguswa si kumfuata Sheikh an-Nabulusi; ni kumkosea, kwa kumbebesha rai ambayo sababu yake imeondoka. Katika Suratul Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe, na Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kudhuriana. Mtu akitaka kuihalalisha sigara leo, alete hoja mpya. Sisi hatujaiona.

Wapo watakaosema: bibi zetu wa Kibosho hawakuvuta sigara hata siku moja, mbona nao hukohoa? Neno hili lina haki yake. Jiko la mafiga matatu ndani ya nyumba iliyofungwa kwa baridi ya Juni na Julai, kuni mbichi, na mama ameinama juu yake tangu alfajiri: huo nao ni moshi. Mwaka 2010 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha kwamba moshi wa makaa ya mawe majumbani unaleta saratani, na moshi wa kuni majumbani kuna uwezekano mkubwa kwamba unaleta. Serikali yetu, katika mkakati wa mwaka 2024, imekusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mume anayenunua pakiti ya sigara kila siku na kusema hana fedha ya mtungi wa gesi, atazame hesabu yake mwenyewe. Ugoro wa wazee nao una hesabu yake, ila leo si zamu yake.

Jambo ambalo maimamu wanapaswa kulisema waziwazi ni hili: kisu cha daktari wa kifua humfaa mgonjwa aliyewahi. Saratani ikiwa bado iko mahali pamoja ndani ya pafu, huweza kukatwa ikatoka. Ikisambaa, mara nyingi upasuaji hauna nafasi tena. Na mkoa wetu una sababu maalumu ya kuchelewa. Hapa kifua kikuu kinajulikana sana; Kibong'oto imekuwa ikiwatibu wagonjwa wake tangu mwaka 1926. Kukohoa muda mrefu, kutoa damu, kukonda, kivuli katika picha ya eksirei: dalili hizi ni za kifua kikuu, na ni za saratani pia. Mtu huanzishiwa dawa za kifua kikuu, humaliza miezi sita bila nafuu, kisha hukaa nyumbani akisubiri. Asiache dawa aliyopewa. Lakini ikiwa vijidudu havikuonekana katika makohozi yake na hali haibadiliki, arudi hospitali aulize juu ya uvimbe. Kutoka Kibosho hadi KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo tangu 2016 ina kituo chake cha saratani, si safari ya mbali.

Insafu inatutaka tuseme pia kwamba si kila uvimbe wa kifuani unatokana na sigara. Nyuma ya mfupa wa kidari iko tezi iitwayo thaimasi, ambayo hufanya kazi zaidi utotoni kisha hunywea. Mara chache huota uvimbe, na haijulikani kwamba sigara ndiyo sababu yake. Baadhi ya wenye uvimbe huo hupatwa na maradhi ya maiasthenia: kope huanguka, macho huona viwili viwili, sauti hufifia, mikono huchoka kadiri siku inavyokwenda, na asubuhi mtu huamka ana nafuu. Nani kwetu akiona hali kama hiyo hasemi kwamba ni jini? Mwaka 1936 daktari Alfred Blalock, mjini Nashville, Marekani, alimtoa msichana mmoja uvimbe wa thaimasi, na udhaifu wake ukapungua sana. Mwaka 1981 Akira Masaoka wa Japani na wenzake waliupanga uvimbe huo katika hatua nne kwa kutazama umevuka utando wake kiasi gani, na mpango huo umewaongoza wapasuaji kwa miongo mingi. Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo jema. Kumfunga hirizi na kumzungusha kwa waganga huku kope zinaanguka na pumzi zinapungua ni dhuluma, na hirizi ni maasi juu ya dhuluma. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba hakuna ugonjwa ulioteremshwa bila dawa yake, na akatuamuru tujitibu.

Limebaki jambo moja, nalo halipendwi. Misikiti yetu kadhaa ina fremu za maduka zilizowekwa wakfu, na katika baadhi ya fremu hizo sigara huuzwa moja moja, hata kwa watoto wa madrasa, ilhali sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Kodi ya fremu hiyo ndiyo inayolipa umeme wa msikiti na posho ya mwalimu. Kamati zikisema kwamba mpangaji akikatazwa atahama, huenda ni kweli, na pengo la miezi miwili au mitatu litaumiza. Hata hivyo mikataba hii ina muda wake. Ukifika wakati wa kuihuisha, kiongezwe kifungu kimoja kwamba tumbaku haiuzwi hapa, na kisomwe mbele ya jamaa siku ya Ijumaa kabla ya kutiwa saini.