Kubebwa Si Kukaribishwa

Iko hoja ipendwayo na watu wengi, nayo yasema kwamba mtu asiyeweza kutembea ahitaji chakula, dawa na kazi. Matembezi ya kujifurahisha ni anasa iwezayo kungoja. Hoja hii huvaa joho la huruma, lakini ndani yake mna dhuluma. Hakuna amwambiaye mwenye miguu mizima kwamba asiende kutazama maajabu ya nchi yake mpaka kwanza ashibe. Kwa nini mwenye kiti cha magurudumu awekewe sharti hilo peke yake?

Mpemba, karibu na Tunduma, ni njia panda: barabara kuu iendayo Zambia hupita hapo, na nyingine hutoka hapo kuelekea Isongole, mpakani mwa Malawi. Pembea kubwa za mitambo, kama zile za bustani za michezo za ng'ambo, hazipo. Lakini mkoa huo wa Songwe una ajabu ambayo hakuna fundi awezaye kuiunda: Kimondo cha Mbozi, pande la chuma lililoanguka kutoka angani, lenye urefu wa kiasi cha mita 3, na uzito unaokisiwa kuwa kati ya tani 12 na 16. Wenyeji walilijua tangu zamani. Wageni walipata habari zake mwaka 1930. Mtoto wa Mpemba aliye katika kiti cha magurudumu akitaka kwenda kulitazama, kizuizi chake cha kwanza ni vidato vya mlango wa basi, na jibu alipewalo ni moja: "Atabebwa."

Mbebaji hastahili lawama. Lawama ni ya wale walioufanya wema wake kuwa udhuru wao. Abebwaye hufika atakapo mwenye mgongo, hutazama kwa muda autakao mwenye mgongo, na huondoka mgongo unapochoka. Mzigo hubebwa; mgeni hukaribishwa.

Watetezi wa ngazi husema gharama ni kubwa. Na wapime. Kanuni itumiwayo na wajenzi wa nchi nyingi ni kwamba kila sentimita 1 ya kimo ipewe sentimita 12 za mteremko. Basi kidato cha sentimita 15 chataka njia ya sentimita 180, ambayo ni fupi kuliko kimo cha mlango wa kawaida. Husema tena kuwa michezo na ulemavu havipatani. Huko San Antonio, Marekani, bustani iitwayo Morgan's Wonderland ilifunguliwa mwaka 2010, na pembea zake humpokea mtu pamoja na kiti chake.

Wala jambo hili si sadaka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, wataja burudani, michezo na utalii waziwazi katika ibara ya 30. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 nayo yataka majengo yanayopokea umma yafikike.

Hujafa hujaumbika, husema wahenga, na kila mtu huitikia. Lakini wajengao ngazi tupu hujenga kana kwamba wao wamekwisha kuumbika. Siku magoti yao yatakapokataa, watavikuta vidato vyao wenyewe vikiwangoja mlangoni.