Usalama wa Ujenzi Haufundishwi kwa Amri

Hapa Irente, mwenye kutaka kujenga nyumba mara nyingi hana budi kuukata mlima kwanza. Ukuta wa udongo unaobaki nyuma ya msingi waweza kumfukia fundi mvua inyeshapo. Ndiyo maana tunapoyatazama mafunzo ya ufundi wapewayo wafungwa, kama yale ya chuo cha Magereza cha Ruanda, Mbeya, twauliza: usalama ufundishwe kwa njia gani?

Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zataka mfungwa akingwe kazini sawa na mfanyakazi huru. Ni haki. Lakini kofia ngumu peke yake haitoshi. Gereza humzoeza mtu kutii, ilhali ujenzi humtaka aweze kusema, "Jukwaa hili halifai, sipandi." Aliyefundishwa kwa amri tu atapanda jukwaa bovu akiamriwa, leo gerezani na kesho uraiani.

Basi mkufunzi aonyeshe, aeleze sababu, kisha amwachie mwanafunzi akague mwenyewe kamba, miti na kingo za shimo, na atoe uamuzi. Uamuzi huo uheshimiwe.

Ndugu wanachuo, jambo hili si la magereza tu. Watoto mtakaowafundisha nao wamezoea kutii. Kabla hamjawapa majembe ya kazi za bustani, waulizeni hatari iko wapi, na kwa nini. Wasipojibu, somo halijaanza.