Maneno Haya ni Yetu

Wako wasemao kwamba Kiswahili si lugha ya Kiafrika kwa kuwa kina maneno mengi yenye asili ya Kiarabu. Wengine wataka maneno hayo yafutwe. Wote wamekosea.

Ndugu wasomaji, tazameni neno "kitabu". Mwarabu akitaja vingi husema "kutub". Sisi twasema vitabu, kama visu na viti. Mgeni ameingia nyumbani akafuata sheria za nyumba. "Hurr" kwa Kiarabu ni mtu asiye mtumwa. Sisi tukaongeza u- ya Kibantu, tukapata Uhuru, neno lililoamsha Tanganyika nzima hadi Desemba 9, 1961. "Taifa" kwa Waarabu ni kundi au madhehebu. Kwetu ni makabila zaidi ya 100 chini ya bendera moja. "Raia" asili yake ni kundi lichungwalo, yaani watu walio chini ya mtawala. Kwetu raia ndiye mwenye kura, aiwekaye Serikali na kuiondoa.

Basi tusione haya kwa maneno hayo. Tuone haya siku ile raia atakapokubali kuchungwa tena.