Makumbi si Takataka

Kwa miaka mingi wakuza miche wa Ulaya wametumia udongo wa vinamasi, yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana kwa maelfu ya miaka. Vinamasi hivyo havizidi sana asilimia 3 ya nchi kavu, lakini vimehifadhi kaboni kupita miti ya misitu yote ya dunia. Vikikaushwa na kuchimbwa, kaboni hiyo hupaa na kuzidisha joto. Ndiyo maana wengi sasa hununua unga wa makumbi ya nazi kutoka India na Sri Lanka.

Je, sisi wa Tanga, Muheza na Pangani twayafanyia nini makumbi yetu? Akina mama wa pwani wajua kuyafukia, kuyaponda na kusokota usumba kuwa kamba. Mengine huishia motoni. Kumbe unga wake, ukioshwa chumvi na kuchanganywa na samadi, hushika maji na kulea mche.

Viongozi wa jumuiya ndogondogo, anzisheni vitalu. Lakini haki itangulie: aliyeponda makumbi asiachiwe vumbi, faida ikachukuliwa na mwenye gari. Bei ipangwe naye akiwapo.